MAWIMBI YA UBONGO: KIFAFA SI PEPO WALA LAANA



Misa inaendelea na waumini wameketi wakisikiliza mahubiri. Ghafla binti mmoja anaanguka, anakakamaa, kisha anatetemeka mwili mzima huku povu likimtoka mdomoni. Walio karibu wanasogea mbali. Mmoja ananong'ona kwamba ni mapepo. Mwingine anamvuta mwanawe asije akaguswa na mate. Kabla hujasogea nawe, hebu tutazame jinsi ubongo wa mwanadamu unavyofanya kazi.

Umeme ndani ya kichwa

Ubongo una chembe za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Chembe hizo hupeana habari kwa njia ya umeme mdogo sana. Chembe nyingi zikifanya kazi pamoja, umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Daktari Hans Berger, wa mji wa Jena nchini Ujerumani, alifaulu kuyapima mawimbi hayo kwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929.

Kipimo hicho huitwa kwa kifupi EEG. Vipande vidogo vya chuma vyenye nyaya hubandikwa kichwani, na mashine huchora mistari ya mawimbi. Mgonjwa haumii, wala haingiziwi umeme wowote. Mashine hupokea tu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, lakini mawimbi ya ubongo hupimwa kwa sehemu za milioni za volti.

Mawimbi na hali ya mtu

Mawimbi hutajwa kwa herufi za Kigiriki, kulingana na idadi yake kwa sekunde:

1. Delta, chini ya 4: huonekana hasa katika usingizi mzito.
2. Theta, 4 hadi 8: mtu anaposinzia.
3. Alfa, 8 hadi 13: mtu yuko macho, ametulia na amefumba macho. Akiyafumbua, mara nyingi mawimbi haya hufifia papo hapo.
4. Beta, zaidi ya 13: mtu yuko macho na akili inashughulika, kwa mfano akipiga hesabu.

Tusikosee hapa. Mawimbi haya huchanganyika, na sehemu moja ya ubongo yaweza kuwa tofauti na nyingine. Tena EEG haisomi mawazo ya mtu, haipimi imani yake, wala haionyeshi dhambi zake. Inaonyesha kazi ya umeme wa ubongo tu.

Dhoruba inapotokea

Kwa kawaida chembe za ubongo hupokezana kazi kwa utaratibu, kama wanakwaya wanaomfuata mwalimu wao. Katika kifafa, kundi la chembe hufyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Dhoruba hiyo ikienea ubongo mzima, mtu huanguka na kutetemeka.

Lakini si kila mwenye kifafa huanguka. Yuko mtoto ambaye hukatiza kusoma, akakodoa macho kwa sekunde chache, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu humwona mzembe, pengine humchapa. Mwaka 1935 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba wakati huo ubongo wa mtoto wa namna hiyo hutoa mawimbi makali yapatayo 3 kwa sekunde. Mtoto huyo hahitaji fimbo. Anahitaji daktari.

Kifafa chaweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini. Katika maeneo yenye usubi, kifafa huonekana kwa wingi zaidi. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Lakini hakiambukizi kwa mate, kwa povu, wala kwa kumgusa mgonjwa.

Dawa ipo

Huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta wametengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Kwa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, wengi walipata nafuu kubwa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa.

Je, tusiombe? Tuombe, tena sana. Lakini kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kutodharau dawa, kwa kuwa vyote vimetoka kwa Mungu. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili aonyeshe imani anamhatarisha. Kuacha dawa ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua.

Ukimwona mtu ameanguka

- Ondoa moto, maji na vitu vyenye ncha kali karibu naye.
- Weka kitu laini chini ya kichwa chake na ulegeze nguo shingoni.
- Usimkandamize, wala usimtie kijiko au kidole mdomoni.
- Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke.
- Tazama saa. Ukizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali haraka.

Aliyemwona akianguka afuatane naye kwa daktari, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kitu. Maelezo ya shahidi huyo humsaidia daktari kuliko kipimo chochote, kwa kuwa EEG yaweza kutoka safi hata kwa mwenye kifafa. Hivyo zahanati isiyo na mashine isiwe sababu ya kukaa nyumbani.

Ndugu msomaji, huenda katika jumuiya yenu ndogo ndogo yupo mtoto anayefichwa chumba cha nyuma. Jumapili ijayo pita kwao, uzungumze na mama yake, na mfuatane wote hadi zahanati.