Chuo Kimoja, Nchi Tatu: Funzo la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kwa Elimu ya Udaktari

Kati ya mwaka 1963 na 1970, Uganda, Kenya na Tanganyika, ambayo mwaka 1964 iliungana na Zanzibar na kuwa Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha umma. Kiliitwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mkuu wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Chuo hicho kilikuwa mtandao wa vyuo vikuu vishiriki vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kitivo cha Udaktari cha Dar es Salaam, ambacho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kilizaliwa ndani ya mtandao huo. Historia yake fupi inajibu swali linalotukabili hata leo: je, nchi jirani zinaweza kugawana elimu ambayo kila moja ingeelemewa na gharama zake peke yake?

Mgawanyo wa kazi

Msingi wa chuo hicho ulikuwa kugawana masomo ya gharama kubwa. Uhandisi na udaktari wa mifugo vilifundishwa Nairobi. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, ambako chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kwa kitivo hicho kimoja tu. Udaktari wa binadamu na kilimo vilikuwa Makerere. Hivyo kijana wa Tabora aliyetaka kuwa daktari alikwenda Kampala, na kijana wa Gulu aliyetaka kuwa mwanasheria aliweza kuja Dar es Salaam.

Kwa udaktari, mpango huo ulikuwa na mantiki. Daktari hafundishwi kwa vitabu pekee. Anahitaji maabara, walimu wa fani nyingi, na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha wa kila aina. Makerere na Hospitali ya Mulago zilikuwa na hayo yote. Ni huko ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza, mwaka 1958, uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto, ambao leo unajulikana kama limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kupitia nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini, akiulizia ugonjwa huo hospitali moja baada ya nyingine. Ramani aliyoichora haikufuata mipaka ya nchi. Ilifuata joto na mvua.

Mahitaji yaliyozidi nafasi

Hata hivyo, chuo kimoja cha udaktari hakikuweza kukidhi haja ya nchi tatu zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru. Kila serikali ilikuwa imewaahidi wananchi wake hospitali, vituo vya afya na watumishi wa kuvihudumia. Nafasi za Makerere zilikuwa chache, na kila nchi ilitaka madaktari wanaofunzwa katika wodi zake na kwa kufuata mipango yake. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Nairobi ilipata kitivo chake mwaka 1967, na mwaka 1968 shule ya Dar es Salaam ikapandishwa kuwa kitivo. Miaka miwili baadaye, Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake.

Si haki kuliita tukio hilo kushindwa tu. Bila vitivo hivyo vipya, upungufu wa madaktari ungekuwa mkubwa zaidi. Kile cha Dar es Salaam kiliendelea kukua: mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili.

Mgawanyo unarudi kwa sura nyingine

Daktari wa kwanza anayemwona mgonjwa wilayani anahitajika kwa wingi, na ni sawa kila nchi imfunze nyumbani. Ubingwa bobezi ni jambo jingine. Kumfunza mpasuaji wa moyo au mtaalamu wa figo kunahitaji mitambo ya gharama kubwa na walimu wachache walio adimu. Ndiyo maana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimerudi kugawana kazi kupitia vituo vya umahiri: Tanzania, kupitia MUHAS katika Kampasi ya Mloganzila, imepewa sayansi za moyo na mishipa ya damu, Uganda saratani, Kenya figo na njia ya mkojo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, na Burundi lishe.

Upasuaji nao una mfano wake. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), chenye makao makuu Arusha, hakina kampasi ya kufundishia. Wanafunzi wake hujifunza katika hospitali zilizoidhinishwa za nchi wanachama, kisha hukutana katika mtihani mmoja. Daktari anapata ubingwa bila kuihama hospitali inayomhitaji.

Miaka saba ya chuo kile inatuachia tahadhari moja. Ushirikiano hudumu pale kila mshiriki anapoona anapata sawa na anachotoa. Kituo cha moyo kilichopo Dar es Salaam kitakuwa cha Afrika Mashariki kwa vitendo iwapo daktari wa Gitega atapata nafasi ya masomo anayoweza kuilipia, shahada yake itatambuliwa kwao, na akirudi atakuta vifaa vya kufanyia kazi. Yakikosekana hayo, kila nchi itaanza upya kujenga kila kitu peke yake, na mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo ataendelea kusubiri.