Filamu ya Ukambani si lazima ifunguliwe na ukame

Ukipewa kamera leo uende Kitui au Makueni kutengeneza filamu ya shule au ya chuo, utaanza na picha gani? Bila shaka wengi wenu mmeshaiona akilini. Jua linachomoza nyuma ya mbuyu, ardhi imepasuka, punda wanapita na mitungi ya maji, kisha sauti nzito inatangaza kwamba Ukambani ni eneo kame. Dakika mbili zimekwisha na hakuna mtu aliyefanya lolote.

Si kwamba picha hizo ni za uongo. Ukame upo, na wenyeji wanaujua kuliko mtangazaji yeyote. Shida ni kwamba mtazamaji amezizoea, maana ndizo zinazotumiwa kila mara msaada unapoombwa. Mwanafunzi anayeanza hivyo huwa ameazima macho ya mgeni ili atazame kwao. Na ikiwa filamu nzima ni ya dakika 10, hizo mbili za mwanzo ni sehemu ya tano ya kazi yake yote.

Hapo ndipo uhariri unapoingia. Watu hudhani kuhariri filamu ni kuondoa makosa, kama karani anayesahihisha barua. La hasha! Unapoketi mbele ya kompyuta ndipo unapoamua mtazamaji ajue nini kwanza, na umfiche nini hadi baadaye. Enzi za kina Anne Mungai, mwelekezi wa Saikati ya mwaka 1992, mhariri alikata ukanda wenyewe na kuunganisha vipande kwa mkono, kwa hivyo alifikiri sana kabla ya kukata. Siku hizi hata simu hukata, na programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure. Lakini kuamua nini kibaki bado ni kazi ya kichwa.

Mfano mzuri unatoka Mutomo, kusini mwa Kitui. Mkulima Kisilu Musya alipewa kamera na mwelekezi kutoka Norway, Julia Dahr, akawa anapiga picha za maisha yake, ya mkewe Christina, watoto wao na shamba lao. Kazi hiyo ilichukua miaka mitano. Dhoruba iliharibu nyumba ya Kisilu, na wawili hao wakalazimika kuifikiria upya filamu waliyodhamiria kuitengeneza. Ilitoka mwaka 2017 kwa jina Thank You for the Rain, na ndani yake tunamwona akiwakusanya wakulima wenzake, na hatimaye akifika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Hebu fikiri: miaka mitano imebanwa ikawa takriban saa moja na nusu. Na jina lenyewe ni shukrani kwa mvua, kutoka mahali ambapo wageni wamezoea kusikia kilio tu.

Haya, tujaribu mezani. Tuseme filamu yako inahusu msichana wa Makueni ambaye lazima achote maji kabla ya kwenda kufanya mtihani. Acha jua na mbuyu. Anza na giza na sauti pekee: kibuyu kikikwaruza mchanga, mara moja, mara ya pili. Sekunde nne zatosha. Kisha mkono. Kisha shimo, na maji yakipanda polepole chini yake. Hapo ndipo uonyeshe mto mzima kwa mbali, mkavu kutoka ukingo hadi ukingo, na msichana akiwa nukta katikati yake.

Umeona kilichotokea? Mto ungetangulia, mtazamaji angesema, “Maskini, hakuna maji.” Sasa ameyaona maji kwanza, na ule ukavu unamshangaza. Na huo ndio ukweli wa mito ya Ukambani: mchanga huhifadhi maji chini yake, jua lisiyanyonye upesi. Ndiyo maana wanavijiji, kwa vikundi vyao vya mwethya, wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miongo kadhaa. Mgeni huona mto uliokufa. Mwenyeji huona tangi.

Sasa leta kengele ya shule. Isikike kabla hatujaiona shule, wakati maji bado hayajajaa mtungi. Msichana anainua kichwa. Usimweleze mtazamaji kwamba atachelewa, ameshajua. Jina la filamu liingie anapojitwika mtungi. Majina ya walioshiriki yangoje mwisho. Wazazi wao watavumilia.

Pengine una picha nzuri mno ya jiwe la Nzambani, mliyoipanda kilima kutwa kuipata. Ni vigumu kuitupa kitu kilichokutoa jasho, lakini mtazamaji hakupanda nawe. Kama msichana hapiti hapo, itoe.

Jambo jingine ni zito zaidi. Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917 nchini Urusi, mwelekezi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji akaufuatisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi, kumbe uso haukubadilika hata chembe! Sasa mchukue mzee wa Kibwezi aliyeketi kivulini. Baada yake weka ghala tupu, umemfanya ombaomba. Weka mbuzi wake wakinywa maji, huyo ni mtu anayehesabu mali. Mzee mwenyewe alikuwa anapumzika tu, na alikuruhusu umpige picha bila kujua utamweka kando ya nini.

Kwa hivyo kabla ya kupeleka filamu kwenye tamasha, ichezeshe bila sauti mbele ya rafiki asiyeijua hadithi, umuulize msichana anataka nini. Asipojua, rudi mezani. Kisha ipeleke kijijini, iwe ni kwa simu, wakaione waliomo. Mama aliyekukaribisha akiuliza, “Mbona mimi nimekaa tu, na siku ile ulinikuta nikilima hadi jioni?”, usianze kumweleza mambo ya sanaa. Vile vipande vya kulima bado unavyo, ikiwa ulihifadhi nakala ya pili.