Mtoto Hana Kosa



Mara nyingi katika ukurasa wa afya tunazungumza juu ya malaria, kichocho na maji safi. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mwingine. Ugonjwa huu hauletwi na mbu. Hauletwi na konokono wa ziwani. Unaletwa na ulimi wa mtu.

Fikiri juu ya kijiji chako. Je, hakuna mtoto anayeitwa "mwana haramu"? Je, hakuna anayeitwa "mtoto wa nje"? Wenzake wakigombana naye kisimani, humtupia neno hilo kwanza. Mtoto hulia. Hajui kosa lake. Na kweli hana kosa. Yeye amezaliwa tu. Baba na mama yake hawakuwa wamefunga ndoa.

Labda utauliza: "Maneno hayo yanahusu nini afya?" Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba maneno hayo yanaweza kumuua mama. Yanaweza kumuua mtoto pia.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme yuko msichana wa miaka 19. Anaishi na wazazi wake katika kijiji kando ya Ziwa Victoria. Kazi yake ni kuanika dagaa mwaloni. Hapo anafahamiana na kijana mvuvi. Kijana anamwahidi ndoa.

Baada ya miezi michache msichana haoni siku zake. Anamwambia kijana. Kijana anajibu: "Subiri giza lipite. Mbalamwezi ikianza nitakuja kwenu na wazee." Wewe unayeishi ziwani unajua maana yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Lakini mbalamwezi inapoanza, kijana hayupo. Amehamia mwalo mwingine, kisiwani.

Msichana anaogopa. Anamwogopa baba yake. Anaogopa majirani. Anajifunga kanga kwa nguvu ili tumbo lisionekane. Haendi kliniki, maana akionekana kliniki kijiji kizima kitajua.

Mwezi wa saba uso na mikono vinavimba. Kichwa kinauma sana. Macho yanaona ukungu. Anakaa kimya. Usiku mmoja anaanguka, anakakamaa na kutetemeka kama mtu mwenye degedege. Hicho ni kifafa cha mimba. Ni moja ya mambo yanayoua wajawazito wengi.

Kliniki wangempima shinikizo la damu na mkojo. Wangeiona hatari mapema. Dawa ipo. Lakini msichana hakufika kliniki. Kilichomzuia ni aibu. Na aibu hiyo tumeitengeneza sisi wenyewe kwa maneno yetu.

AIBU INAVYOHARIBU AFYA

Mjamzito anatakiwa aanze kliniki kabla mimba haijafika wiki 12. Huko anapimwa damu. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kumkinga na malaria, na chandarua. Anapimwa kaswende na virusi vya UKIMWI. Akikutwa na virusi, anapewa dawa za kumsaidia yeye na kumkinga mtoto. Mama anayejificha anayakosa yote haya.

Msichana mdogo yuko katika hatari zaidi. Nyonga zake hazijakomaa. Uchungu unaweza kuchukua siku mbili au tatu bila mtoto kutoka. Mtoto anaweza kufa. Mama naye anaweza kupata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi bila yeye kuweza kujizuia. Kumbuka kwamba fistula inatibika. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni mahali pamoja panapotoa matibabu hayo. Lakini ni bora kuzuia kuliko kutibu.

Mtoto akizaliwa, aibu inamfuata. Mama hataki kwenda kliniki, akiogopa kuulizwa jina la baba. Mtoto anakosa chanjo. Nyumbani wengine wanamwita mzigo. Chakula kikiwa kidogo, yeye ndiye anayepewa mwisho. Anadhoofika. Tumesikia pia habari za vichanga vilivyotupwa. Mara nyingi nyuma ya kichanga kilichotupwa yuko msichana aliyeogopa peke yake, bila mtu wa kumwambia siri yake.

ZAMANI ILIKUWAJE?

Wengine watasema: "Hayo ndiyo mila yetu." Hebu tuangalie mila.

Katika koo nyingi za Usukumani mtoto alifuata ng'ombe wa mahari. Mahari ikitolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mahari isipotolewa, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Alikua nyumbani kwa babu mzaa mama. Alikuwa na ukoo. Mila iliuliza mtoto ni wa boma gani. Haikuuliza kama mtoto ni mtu.

Mwaka 1963 Serikali ilitangaza kanuni za mila kwa maandishi. Kanuni hizo zilimweka mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa upande wa mama. Ziliruhusu baba kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au kwa kulipa shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Lakini baba asiyefanya hivyo akafa bila wosia, mtoto hakuwa na urithi upande wa baba.

Ilikuwapo pia sheria ya tangu enzi za Waingereza kuhusu matunzo ya watoto hao. Kwa sheria hiyo baba aliweza kuamriwa kulipa shilingi 100 tu kwa mwezi. Miaka ilipita, bei zikapanda, lakini kiasi kilibaki hicho hicho. Mwishoni shilingi 100 hazikutosha kununua hata sabuni ya kumfulia mtoto.

SHERIA YA LEO INASEMAJE?

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto. Sheria hiyo iliifuta ile ya shilingi 100. Inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Haisemi "mtoto wa ndani" wala "mtoto wa nje". Mambo makubwa ni haya:

1. Mtoto asibaguliwe.

2. Mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia, na kuwajua wazazi wake.

3. Mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

4. Mtu asimnyime mtoto kufaidika kwa kiasi cha haki na mali ya mzazi wake.

5. Baba akikana, mahakama inaweza kuombwa iamue nani ni baba. Inaweza kuombwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Halafu inaweza kumwamuru baba atoe matunzo, kwa kuangalia uwezo wake.

Kuhusu urithi, mabishano bado hufika mahakamani, maana kanuni za mila na sheria mpya hazisemi kitu kimoja. Basi wewe baba, usimwachie mtoto wako kesi. Mtambue ukiwa hai. Mtambulishe kwa ndugu zako mbele ya mashahidi. Andika wosia na umtaje kwa jina.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Kama msichana ana umri chini ya miaka 18, au ni mwanafunzi, hayo si mambo ya kumalizana nyumbani kwa ng'ombe wawili. Ni kosa la jinai. Tangu mwaka 2016 sheria inasema kwamba anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Na msichana mwenyewe asifungiwe mlango wa elimu. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua.

TUFANYE NINI?

Wewe msichana mwenye mimba: Usijifiche. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mama, shangazi, bibi au mwalimu. Nenda kliniki mapema. Ukiona damu inatoka, uso umevimba, kichwa kinauma sana au macho yanaona giza, usisubiri asubuhi. Nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Wewe baba wa msichana: Umekasirika. Tunaelewa. Lakini usimfukuze binti yako. Akifukuzwa atajifungulia wapi? Hasira itapita, na mjukuu atabaki. Tenga nauli ya kumpeleka hospitali siku ya uchungu. Ukiwa unakaa kisiwani, panga mapema habari ya boti na mafuta yake.

Wewe kijana: Kuhama mwalo hakukufanyi uache kuwa baba. Mtoto hula hata wakati wa mbalamwezi. Ukipata fedha za giza, tenga sehemu yake kwanza. Nenda na mama wa mtoto kumwandikisha, ili jina lako liandikwe. Hata kama hamtaoana, mtoto ni wako.

Wewe mwenyekiti wa kijiji: Kliniki huwataka wajawazito waje na wenzi wao ili wapimwe pamoja. Hilo ni jambo jema. Asiye na mwenzi mara nyingine huambiwa alete barua yako. Iandike siku hiyo hiyo. Usimwulize maswali ya kumwaibisha. Usidai fedha. Barua yako ikichelewa, anaweza asirudi tena kliniki.

Wewe mhudumu wa afya: Mwite ndani kama unavyowaita wengine. Usimwulize mbele ya watu, "Mume wako yuko wapi?" Kukosa mume si sababu ya kukosa huduma.

Wewe mama uliyejifungua: Mnyonyeshe mtoto maziwa yako tu kwa miezi 6 ya kwanza. Mpeleke apate chanjo zote. Chukua cheti chake cha kuzaliwa. Katika Mkoa wa Mwanza, tangu mwaka 2014, watoto wa chini ya miaka 5 wamekuwa wakiandikishwa karibu na nyumbani, katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Ukosefu wa baba usikuzuie. Baba akikataa kutoa matunzo, mwone afisa ustawi wa jamii. Yeye atakuonyesha njia ya kufika mahakama ya watoto.

Na sisi sote majirani: Tufunge midomo yetu. Mtoto wako akirudi nyumbani akisema "fulani ni mwana haramu", mwulize neno hilo amelisikia wapi. Huenda amelisikia kwako.

MWISHO

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili. Kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Walielewa kwamba uchafu wa jirani mmoja unaweza kuleta ugonjwa kwa kijiji kizima.

Maneno ya kuaibisha watoto nayo ni uchafu. Yanamfanya mama ajifiche, na kujificha kunaleta kifo. Uchafu huu hauhitaji jembe wala panga. Unahitaji kila mmoja wetu aache kusema neno moja.

Methali inasema: Kitanda hakizai haramu. Kama wazazi walikosea, kosa ni la wazazi. Mtoto ni mtoto. Mwite kwa jina lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanaitwaje? Nani huwaita hivyo?

2. Je, msichana mwenye mimba asiye na mume anaogopa nini akitaka kwenda kliniki hapa kwetu?

3. Taja dalili tatu za hatari kwa mjamzito.

4. Barua ya mwenyekiti hupatikana kwa siku ngapi hapa kwetu? Tufanye nini ili ipatikane siku hiyo hiyo?

5. Baba anaweza kufanya nini sasa ili mtoto wake asipate taabu ya urithi baadaye?