Maziwa Kutoka Bila Mimba: Chanzo Huenda Kikawa Dawa Unayotumia

Mwanamke aliyemwachisha mtoto wake miaka miwili iliyopita anaamka alfajiri kujiandaa kwenda kazini, na kukuta sidiria yake ina madoa ya maziwa. Hana mimba. Anaificha nguo hiyo kwa sababu anajua maswali yatakayofuata: mimba ni ya nani, au ameitoa lini? Katika ploti za Mlolongo, ambako majirani huanika nguo kwenye kamba moja, siri ya aina hii haikai.

Wahudumu wa afya wanalifahamu tatizo hili na huliita galaktorea. Si ushahidi wa mimba wala wa kurogwa. Ni dalili yenye chanzo, na mara nyingi chanzo hicho hupatikana na kutibiwa.

Maziwa hutoka vipi bila mtoto?

Maziwa hutengenezwa kwa nguvu ya homoni iitwayo prolaktini. Homoni hii hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere. Kwa kawaida ubongo huizuia tezi hiyo kwa kemikali iitwayo dopamini. Kizuizi hicho kikilegea, prolaktini hupanda na matiti huanza kutoa maziwa.

Mama aliyeacha kunyonyesha hivi karibuni asishtuke akiona matone. Maziwa yanaweza kuendelea kutoka kidogo kidogo kwa miezi kadhaa baada ya mtoto kuachishwa.

Dawa ndizo za kuangaliwa kwanza

Mkazi anayerudi jioni kutoka kiwandani Athi River akiwa na kichefuchefu hupita duka la dawa kabla ya kufika nyumbani. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil, na domperidoni huzuia kazi ya dopamini. Zikitumiwa kwa muda, zinaweza kuleta maziwa.

Vivyo hivyo dawa za magonjwa ya akili kama risperidoni na haloperidoli, baadhi ya dawa za kutibu msongo wa mawazo, methildopa ya shinikizo la damu, na baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi.

Hii haimaanishi kwamba mgonjwa aziache dawa hizo. Anayeacha ghafla dawa ya akili au ya shinikizo la damu anaweza kujitia kwenye hatari kubwa kuliko maziwa yenyewe. Daktari ndiye wa kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Vyanzo vingine

Tezi ya shingoni, yaani thairoidi, ikifanya kazi chini ya kiwango, prolaktini huweza kupanda. Mgonjwa huyo pia huhisi baridi na uchovu, na huongezeka uzito. Ugonjwa sugu wa figo nao huweza kuleta hali hii, sawa na kuyaminya matiti mara kwa mara. Anayeyakamua kila siku kuona kama maziwa yameisha huyafanya yaendelee kutoka.

Wakati mwingine kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Uvimbe huu kwa kawaida si saratani, na wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge kama kabergolini bila upasuaji. Usipotibiwa, unaweza kusimamisha hedhi, kuzuia mimba na kudhoofisha mifupa. Kwa hiyo mwanamke anayetafuta mtoto bila mafanikio na anayetokwa na maziwa anapaswa kumweleza mhudumu mambo yote mawili.

Wanaume na watoto wachanga

Mwanamume pia anaweza kutokwa na maziwa. Mara nyingi hali hiyo huambatana na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, na anahitaji uchunguzi sawa na wa mwanamke.

Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kutoa matone kutokana na homoni za mama yake. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Matiti ya mtoto yasikamuliwe, kwani yanaweza kuingia viini na kutunga usaha.

Dalili za kutosubiri

Mgonjwa aende hospitali bila kuchelewa iwapo:
• kinachotoka ni damu au majimaji maangavu badala ya maziwa;
• kinatoka kwenye titi moja tu, hasa kwenye tundu moja la chuchu;
• kuna uvimbe kwenye titi au kwapani, au ngozi au chuchu imebonyea;
• ana maumivu ya kichwa yasiyoisha, au haoni vizuri pembeni.

Dalili tatu za kwanza huhitaji uchunguzi wa saratani ya matiti. Ya nne huhitaji uchunguzi wa tezi ya pituitari.

Kituoni kuna nini?

Hatua ya kwanza ni kipimo cha mimba. Kinachukua dakika chache, na mume aliyeandamana na mkewe hupata jibu papo hapo badala ya kubaki na shaka. Mhudumu kisha huuliza kuhusu hedhi na dawa, na kuyachunguza matiti. Ikihitajika, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kama vile Machakos Level 5, kwa vipimo vya damu vya prolaktini, thairoidi na figo. Wachache huhitaji picha ya kichwa ya MRI.

Wakazi wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa abebe pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo alizonunua dukani na za mitishamba. Huenda jibu likapatikana ndani ya mfuko huo.