Video ya Dakika Chache, Utumishi wa Miaka 17

Tarehe 26 Agosti 2021, wakati Marekani ilipokuwa ikiyaondoa majeshi yake Afghanistan, bomu la mtu wa kujitoa mhanga liliwaua askari 13 wa Kimarekani na Waafghani wengi penye lango la uwanja wa ndege wa Kabul. Siku hiyo hiyo, katika jimbo la North Carolina, Luteni Kanali Stuart Scheller wa Jeshi la Marine alijirekodi kwa video akiwa amevaa sare yake. Aliuliza kwa nini hakuna hata mkuu mmoja wa ngazi za juu aliyejitokeza kukiri makosa. Akasema yuko tayari kupoteza yote aliyoyapata kwa miaka 17 ili aliseme hilo. Kisha akaitia video hiyo katika Facebook.

Kesho yake akavuliwa ukuu wa batalioni yake ya mafunzo.

Akina mama wanaoshika bajeti ya nyumba kambini watazifahamu upesi hesabu zake. Mwanajeshi wa Marekani hupata pensheni ya kila mwezi, maisha yake yote, akitimiza miaka 20 ya utumishi. Scheller alibakiza mitatu.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Wananchi wengi wa Marekani walikuwa wakiliuliza. Lakini hakuishia hapo. Siku chache baadaye alitoa video nyingine, akatangaza kwamba anajiuzulu na hataki hata dola moja ya marupurupu, tena akawaita watu wamfuate wauangushe mfumo mzima. Hapo mambo yaligeuka, kwani afisa aliyekabidhiwa askari hawezi kutamka maneno ya namna hiyo yakachukuliwa kuwa mazungumzo ya sebuleni. Aliamriwa anyamaze mitandaoni, naye akaendelea kuandika. Mwishoni mwa Septemba alitiwa mahabusu ya kijeshi.

Mwezi Oktoba, mbele ya mahakama ya kijeshi, alikiri makosa yake, yakiwamo kuwadharau viongozi na kutotii amri halali. Adhabu ilikuwa nyepesi: karipio la maandishi na kukatwa dola 5,000 za mshahara. Uzito ulikuwa kwingine, kwani Desemba aliondoka jeshini bila kuifikia ile miaka 20.

Sheria iliyomnasa ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Kanuni ya Sheria za Kijeshi ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1950, inamkataza afisa kutamka maneno ya dharau dhidi ya Rais na viongozi wengine wa taifa. Raia ana nafasi pana zaidi. Mwaka 1981, baada ya Rais Reagan kupigwa risasi, karani mmoja katika ofisi ya konstebo huko Texas alimwambia mfanyakazi mwenzake kwamba wakimwendea tena, anatumaini watampata. Alifukuzwa kazi. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimpa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walizingatia kwamba alizungumza faraghani, na kwamba kazi yake ilikuwa ya ukarani, si ya ulinzi. Mwenye bunduki na beji asijihesabu pamoja naye.

Scheller walau alichangiwa fedha na watu waliomwonea huruma. Sajini Gary Stein, wa jeshi hilo hilo huko California, hali yake ilikuwa nyingine. Mwaka 2012 aliandika katika Facebook kwamba hatatii amri za Rais Obama, baadaye akaeleza kuwa alikusudia amri zisizo halali tu. Maelezo hayo hayakumwokoa. Aliachishwa mwezi Aprili kwa cheti kisicho cha heshima, kinachomnyima askari sehemu kubwa ya haki za wastaafu wa vita, baada ya utumishi wa karibu miaka 10. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache tu kwisha.