Dada aliyesimama kando ya mto

Tukisimulia habari za Musa tunakumbuka kisafina na huruma ya binti Farao. Dada yake tunamsahau. Kutoka sura ya 2 inaeleza kuwa msichana huyo alisimama mbali kidogo aone mdogo wake atapatwa na nini. Binti Farao, mwanamke wa taifa jingine, alipomwokota mtoto, dada akajitokeza na kumleta mama mzazi amnyonyeshe. Musa akawa mwana wa ikulu, lakini alipokua aliwajua ndugu zake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasimama alipokuwa amesimama dada yule. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania sharti awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na amlee kwanza mtoto huyo chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Ni lazima pia ithibitike kuwa mtoto hawezi kupata familia ya kumlea hapa nchini. Anayeamua ni Mahakama Kuu, na mtoto hana bei.

Wapo wanaouliza: kwa nini yatima asubirishwe wakati mlezi yupo? Tazama Uganda. Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili wa nchi hiyo kwa mpango wa kuasilisha watoto kwa rushwa. Wazazi vijijini waliahidiwa kuwa watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Kumbe walikuwa wakitolewa kwa familia za Marekani kama yatima.

Hapa Kigoma tuwe macho zaidi. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu imepokea watu waliokimbia vita Kongo, wengi wao wakivuka ziwa. Mtoto aliyeshuka kwenye boti peke yake si lazima awe yatima. Huenda mama yake yuko ng'ambo au kambi nyingine, anamtafuta. Ndiyo maana ndugu hutafutwa kwanza.

Bibi unayelea wajukuu, usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Ipeleke kwanza ustawi wa jamii. Mchungaji, usiandike barua ya kumwita mtoto yatima kabla ya kuulizia wazazi wake. Nawe unayetamani kuasili kwa moyo safi, usinung'unikie kusubiri. Upendo wa kweli hauogopi kuulizwa maswali.

Yakobo 1:27 inatuagiza kuwajali yatima katika dhiki yao. Tuanze kwa kuhakikisha hatuwafanyi yatima watoto wenye mama. Jumapili njema.