Je, Wajua? Mafiga Matatu ya Mtandao, Kutoka Kiganjo Hadi Kimathi

Kenya nzima, ukisikia kijana fulani “ameenda Kiganjo”, huulizi amefuata nini. Ameingia polisi. Lakini kilomita chache kutoka kwenye uwanja wa gwaride wa Kiganjo, upande wa pili wa mji wa Nyeri kwenye barabara ya Mweiga, kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Huko wanafunzi wa kompyuta husomea ulinzi usiohitaji buti wala rungu. Mengi wanayofundishwa, Nyeri iliyaona kabla hata kompyuta haijafika.

Je, wajua kwamba somo zima la usalama wa mitandao limeinjikwa juu ya mafiga matatu?
Figa la kwanza ni siri: asiyehusika asisome. La pili ni uzima wa ujumbe: uliotumwa ndio ufike, usichezewe njiani. La tatu ni upatikanaji: mwenye haki akiuhitaji, aupate. Wanaoanza masomo hudhani siri ndiyo kazi yote. Muulize mpishi yeyote kama figa moja huinjika chungu.

Je, wajua kwamba siri iliyotunzwa kupita kiasi iliwahi kumfungia nje mwenyewe, hapa hapa Nyeri?
Tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George VI alifariki Uingereza. Binti yake Elizabeth alikuwa amelala kwenye hoteli ya Treetops, kisha akarudi Sagana Lodge, karibu na Kiganjo, nyumba aliyozawadiwa alipoolewa. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba telegramu ya mafumbo ilifika Nairobi, ila haikuweza kufumbuliwa: kitabu cha mafumbo kilikuwa ndani ya sefu ambayo ufunguo wake haukupatikana, na gavana alikuwa ameshatangulia Mombasa kwenda kumuaga Elizabeth. Malkia mpya akawa miongoni mwa watu wa mwisho kujua kwamba yeye ni malkia.

Habari zilimfikia katibu wake, Martin Charteris, kupitia mwandishi wa gazeti pale hoteli ya Outspan. Charteris akapiga simu Sagana. Aliyeipokea, Michael Parker, msaidizi wa Philip mume wa Elizabeth, hakukimbilia kutangaza msiba. Alifungua redio kwanza, akasikiliza mwenyewe. Darasani leo tendo hilo lina jina: kuthibitisha kwa njia ya pili.

Je, wajua kwamba tatizo la ufunguo wa sefu lilipata dawa mwaka 1976?
Kwa karne nyingi, wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kupeana ufunguo, na ufunguo huo ungeweza kuibwa au kukwama njiani. Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jinsi watu wasiowahi kukutana wanavyoweza kupata ufunguo mmoja wa siri huku wakizungumza mbele ya wanaowasikiliza. Nguvu yake ni namba tasa kubwa na hesabu ambazo kuzifanya ni rahisi, lakini kuzirudisha nyuma ni kazi ya miaka na miaka. Ndiyo maana anayechukua kozi hii hakwepi hisabati.

Je, wajua kwamba aliyezikwa Nyeri aliwahi kuficha ramani za ngome ndani ya vipepeo?
Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko mjini humo. Katika kitabu chake cha 1915 kuhusu upelelezi, alieleza jinsi alivyojifanya mkusanyaji wa wadudu, akachora vipepeo ambao mistari ya mbawa zao ilikuwa ramani ya ngome na madoa yakaonyesha mizinga. Wanafunzi huiita steganografia. Siku hizi ujumbe hufichwa ndani ya picha ya kawaida kwa kubadilisha rangi kidogo mno, kiasi kwamba jicho halishtuki. Fumbo huficha maana, lakini steganografia huficha hata kwamba kuna ujumbe.

Je, wajua kwamba mti uliwahi kuwa posta?
Wapiganaji wa Mau Mau waliachiana barua kwenye mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua. Ulinzi wake ulikuwa mmoja tu: adui asiujue mti. Dedan Kimathi, mmoja wa viongozi wao, ambaye chuo kimepewa jina lake, aliandika sana, na nyaraka zake kadhaa ziliishia mikononi mwa wakoloni. Maabarani, mwanafunzi hulikuta jambo hilo hilo: akinasa data isiyofumbwa kwenye Wi-Fi, huisoma kama barua iliyoachwa wazi. Mahali pa kujificha pakijulikana, kinachobaki kukulinda ni fumbo.

Je, wajua kwamba mtandao unaweza kuangushwa bila kuibwa chochote?
Julai 2023, huduma za serikali kwenye eCitizen zilikwama. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mbinu yake ni ya kelele tu: maombi mengi ya uongo humiminwa kwa pamoja, kama umati usiosafiri unaojazana kwenye dirisha la tiketi hadi abiria wa kweli anakosa pa kusimama. Figa la tatu ndilo lililong'olewa.

Je, wajua kwamba mwanafunzi mmoja aliutikisa mtandao, kisha akawa profesa?
Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe. Inakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 ziliathirika. Alihukumiwa, na miaka baadaye akafundisha MIT. Usimuige. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inasema anayeingia kwenye mfumo bila idhini anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Hodi hupigwa kwanza, na idhini huandikwa.

Namba tasa na maabara waachie wenye kozi. Somo moja kutoka Sagana halihitaji karo. Ukipigiwa simu na mtu anayejiita wa benki au wa M-PESA, akakuharakisha umtajie PIN, kata. Kisha piga wewe mwenyewe, kwa namba uliyokuwa ukiijua kabla hajakupigia.